Je, wajua mafuta ya breki hunywa maji?

Ukitoka Soko la Kariokor kwenda Kirinyaga Road, Nairobi, utayaona madukani pamoja na vipuri. Mafuta haya hufyonza unyevu wa hewa. Aina ya DOT 3, ikiwa mpya, haipaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishaingiwa na maji asilimia 3.7 hivi, kiwango hicho hushuka hadi 140. Ukiteremka mteremko wa Mai Mahiu na gari zito lililojaa watu, breki hupata moto, mafuta yakachemka, mvuke ukajaa mabombani, na pedeli ikazama hadi chini.

Hatari nyingine ni kuvuja. Oktoba 2010 Toyota iliyaita magari mengi duniani yarudi kurekebishwa, yakiwemo Highlander na Lexus RX 330, ndugu wa Harrier zilizojaa Nairobi. Mpira wa masta silinda, pampu ya mafuta ya breki, ungeweza kukauka na kujikunja endapo gari limetiwa mafuta yenye vilainishi haba, yakaanza kuvuja kidogokidogo.

Taa ya onyo la breki kwenye dashibodi ikiwaka, tafadhali usijaze mafuta ya breki tu ukaondoka. Chungulia upande wa ndani wa kila gurudumu na chini ya masta silinda: ukiona tairi lililolowa, au rangi iliyobabuka, mwonyeshe fundi kabla gari halijasogea.