Hipnozi si usingizi, wala si ulozi: tuelewe inasaidia wapi

Tukisikia neno hipnozi, wengi wetu tunawaza ile ya filamu: mtu anayumbisha saa mbele ya macho ya mwenzake, yule analala, kisha anatii kila kitu anaambiwa. Wengine wanakata moja kwa moja kwamba ni ulozi. Leo tuiangalie kwa utulivu, juu huko Ubelgiji kuna wagonjwa wenye wanapasuliwa bila kulazwa usingizi, na hipnozi ni sehemu ya matibabu yao. Kama ni tiba, tujue inafanya nini. Na kama iko na hatari, tujue iko wapi.

Tuanze na historia kidogo. Mwaka 1778 daktari mmoja, Franz Anton Mesmer, alifika Paris akisema anaponyesha watu kwa nguvu isiyoonekana yenye kutoka kwake na kuingia ndani ya mgonjwa. Watu walijaa kwake. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa aliweka komisyo ya wataalamu, kati yao Benjamin Franklin na Lavoisier. Walifanya majaribio: mgonjwa akidanganywa kwamba nguvu inamfikia, anatetemeka. Akitumiwa ile "nguvu" bila kujua, hasikii kitu. Wakasema: hakuna nguvu yoyote, ni mawazo ya mgonjwa njo yanafanya kazi. Mesmer aliaibika, lakini majaribio yale yalionyesha pia kwamba mawazo ya mtu yanaweza kutikisa mwili wake kabisa.

Neno hipnozi lenyewe lilienezwa katika miaka ya 1840 na James Braid, daktari mpasuaji wa Scotland mwenye alikuwa anatumika Manchester. Alilitoa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi. Baadaye akaona jina halifai sana, juu wagonjwa wengi hawakuwa wamelala. Akili yao ilikuwa imekazwa kwenye wazo moja tu. Alijaribu kubadilisha jina, lakini la kwanza lilikuwa limekwisha kuenea.

Hiyo hali ya kukaza akili sisi wote tunaijua. Kijana anaangalia mechi ya mpira, mama yake anamwita mara tatu, hasikii. Hakulala, wala hakurogwa. Ila akili yake yote imeenda upande mmoja. Mwenye kutibu kwa hipnozi anatafuta hali hiyo kwa makusudi. Kwanza mnaongea: unateswa na nini, unatafuta nini. Kisha unakaa vizuri, unapumua polepole, unafunga macho, na sauti yake inakuongoza mahali unapopapenda, labda pembeni ya ziwa asubuhi. Akili ikishatulia pale, anakuletea wazo lenye kusaidia, kwa mfano kwamba mkono wenye kuuma umewekwa ndani ya maji ya baridi. Unasikia yote. Ukitaka kufungua macho, unafungua. Njo maana hipnozi haikutoi utashi wako.

Sasa, wazo linapunguza maumivu namna gani? Maumivu iko na pande mbili: kile mwili unasikia, na vile kinakutesa. Hofu inaongeza ule upande wa pili. Mwaka 1997 watafiti wa Montréal, Canada, walitangaza jaribio lao: watu chini ya hipnozi waliweka mkono ndani ya maji ya moto. Walipoambiwa kwamba mateso yanapungua au yanaongezeka, kazi ya sehemu moja ya ubongo yenye kuhusika na mateso ilibadilika pia, lakini sehemu yenye kupokea habari ya mwili wenyewe haikubadilika hivyo. Kwa hiyo mgonjwa hakudanganya aliposema anateseka kidogo.

Juu ya hiyo, tangu 1992, kwenye hospitali ya universite ya Liège, dokta Marie-Elisabeth Faymonville na wenzake walianza kutumia hipnozi wakati wa upasuaji, kwa mfano wa tezi ya shingo. Wagonjwa maelfu wamepitia hapo. Lakini tusome vizuri: mahali pa kupasua panapigwa sindano ya ganzi, mgonjwa anapewa dawa kidogo za kutuliza, na mtaalamu wa dawa za usingizi yuko pembeni. Hipnozi inapunguza dawa, haizifukuzi zote.

Mfano mwingine ni ule ugonjwa wa utumbo wenye kuleta maumivu, gazi, kuhara au kufunga choo, lakini daktari akipima haoni kidonda. Mwaka 1984, Manchester, kundi la dokta Peter Whorwell lilijaribu na wagonjwa 30 wenye dawa zilikuwa zimeshindwa. Wale waliopata hipnozi walipata nafuu kupita wale waliopewa mazungumzo na vidonge visivyo na dawa ndani. Mwaka 2015 Inserm, taasisi ya utafiti wa afya ya Ufaransa, ilikubali faida kwenye mambo hayo mawili, upasuaji na utumbo. Kwa kuacha sigara, ushahidi haukutosha. Na si watu wote wanaingia katika hali hiyo sawasawa. Kuna wenye kuingia haraka, na wenye hawaingii karibu kabisa.

Hatari kubwa iko kwenye kumbukumbu. Mtu akiwa katika hipnozi, maswali yenye kumwelekeza yanaweza kumfanya "akumbuke" jambo lisilotokea, na kuliamini kabisa. Njo maana mahakama nyingi za Marekani zinakataa ushahidi uliopatikana hivyo. Kwetu hiyo ni jambo zito, juu tunajua watoto waliofukuzwa nyumbani kwa kuitwa walozi. Mtu akifumba macho mbele ya mganga au pasta, akataja jina la mwenye "kula" jamaa, hiyo si ushahidi. Hata mtoto mwenyewe akikubali, maswali aliyoulizwa yanaweza kuwa njo yalimpa majibu.

Kwa hiyo, mtu akikuambia anatibu kwa hipnozi, muulize: ulisomea nini, daktari au saikolojia? Wapi? Akikuambia uache dawa za sukari, za presha au za virusi vya UKIMWI, toka mbio. Na ndugu mwenye anasikia sauti zisizokuwepo asipelekwe kwenye hipnozi. Apelekwe kwanza kwa wataalamu wa magonjwa ya akili, kama pale Sosame, Bukavu, au Tulizo Letu, Goma.

Na sisi wenye tumesoma tuko na kitu cha kufanya hata bila hipnozi. Muuguzi anapochoma sindano anaweza kuongea na mgonjwa polepole, amwambie kitakachofanyika, amsaidie kupumua. Kupiga kelele "nyamaza, si kitu!" kunaongeza hofu, na hofu inaongeza maumivu. Maneno mazuri hayaombi pesa wala mashine.