Prosesa Imegoma Kupanda Gia

Kuna kitu kimenitesa wiki nzima hapa geto Mwanjelwa, Mbeya. Nina desktopu ya mtumba, i5 ya kizazi cha nne, imeandikwa gigahetsi 3.2. Mishe yangu ni kuedit video za harusi na vipaimara. Ghafla mzigo wa nusu saa ukaanza kula usiku mzima, na kile kimshale cha mausi kikawa kinatembea kama mzee anapanda Loleza na gunia la viazi.

Nikafungua Task Manager. Spidi: 0.79. Nikajua virusi tu hivi. Nikapiga Windows upya, bando likakata, nikarekebisha na mipangilio yangu yote. Bado 0.79.

Nikamcheki mwanangu wa Kihesa, Iringa, fundi wa kujisomea ila kichwa kinachemka. Akanipa "kamwene", sijaitikia vizuri kashaanza: "Umewahi kupanda Kitonga na semi?"

Sio ile kitonga ya kitaa, ya kupenda vya bure. Mlima wenyewe. Dereva haendi gia moja toka Ruaha Mbuyuni mpaka Ilula, anabadili kwa mzigo na kwa mlima. Prosesa nayo hivyo hivyo: ikiwa haina kazi inashuka hadi megahetsi 800 na volti zinashuka nayo, na hapo ndipo umeme wa Luku unapookoka, maana ulaji unafuata kipeo cha pili cha volti. Punguza volti asilimia 10, ulaji unapungua karibu 19, na spidi hujaigusa bado. Intel waliileta hiyo kwenye laptopu mwaka 2000 kwa jina la SpeedStep. Siku hizi hata desktopu nyingi zina kitu kama hicho.

"Kwa hiyo 800 ukiwa umekaa tu sio ugonjwa," akasema. "Ipe mzigo. Ikigoma kupanda, nipigie."

Nikaipa. Ikagoma.

Kosa la kwanza lilikuwa la kijinga hadi naona aibu kuliandika. Kule kwenye mipangilio ya umeme ya Windows kuna kikomo cha juu cha prosesa. Changu kilisoma asilimia 5. Nani alikiweka? Mimi, siku napiga Windows, nilibonyeza kila kitu chenye harufu ya kubana matumizi ili Luku isikate. Nikarudisha 100. Ikapaa fasta kupita hata iliyoandikwa: 3.4! Nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Dakika kumi baadaye: 2.9. 2.1. 1.4.

"Joto," mwana akasema. Nikamcheka. Mbeya hii? Mwezi wa saba, watu wanalala na makoti? Nikafungua HWiNFO, programu ya kusoma joto: nyuzi 98. Prosesa za aina hiyo zikikaribia 100 zinajishusha zenyewe zisiungue, hata geto likiwa friji. Na mji wetu uko juu, kama mita 1,700, hewa yake nyepesi inabeba joto kidogo kuliko ya Dar. Hilo sikulijua kabisa.

Nikafungua kava. Mwanangu, nilikuta shamba. Vumbi limejaa kwenye mapezi ya feni kama sufi ya mto, na ile pesti ya juu ya prosesa imekauka imekuwa chokaa. Brashi ya rangi, pamba na spiriti, tone la pesti mpya kama punje ya mchele. Buku tano na saa moja.

Mwana wa Kihesa yeye anatumia Ubuntu, akanitahadharisha kabla sijahamia huko: kwenye Linux ukikuta scaling_governor imeandikwa powersave, usikurupuke. Kama dereva ni intel_pstate, bado itapanda mzigo ukija. Kama ni acpi-cpufreq, itaganda gia ya chini mpaka uitoe. Jina moja, tabia mbili.

Sasa hivi ninavyoandika harusi ya watu wa Uyole inajirenda, 3.4 imekaza, nyuzi 63. Vumbi lilitoka wapi? Kesi niliiweka dirishani, upande wa barabara ya vumbi, wazi mchana kutwa, eti ipigwe na baridi ya bure. Kitonga ile nyingine. Nimeihamishia pembeni ya kitanda. Dirishani nimekaa mimi, na koti.