KITUO CHA KURA NA HADHI YA MPIGA KURA

Haki ya kupiga kura haitimii kwa jina la raia kuingizwa katika sajili. Hutimia anapofika kituoni, akaitia alama karatasi yake kwa siri na kuitumbukiza sandukuni. Kifungu cha 82 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaagiza upigaji kura uwe rahisi na uzingatie mahitaji maalum ya watu wenye ulemavu. Makala haya yanafafanua vikwazo vitatu vya haki hiyo na namna ya kuviondoa.

Kwanza ni mahali penyewe. Aghalabu vituo huwekwa katika shule za umma, ambako madarasa mengi yana vidato mlangoni. Dawa yake si ghali: kuchagua darasa la chini, kuweka ubao wa mteremko penye vidato, na kuandaa meza fupi iliyositiriwa kwa ajili ya anayetumia kiti cha magurudumu.

Pili ni muda. Tangu 2013, mpiga kura hutia alama karatasi sita katika uchaguzi mkuu. Sheria inaruhusu wapiga kura wasiozidi 700 kwa kituo, nacho hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni, yaani dakika 660. Wote wakijitokeza, kila mmoja hapati hata dakika moja mbele ya karani anayemtambua. Foleni basi haikwepeki. Wazee, wajawazito na wenye ulemavu hutangulizwa, lakini hilo halitoshi pasipo viti, kivuli, maji na choo kinachofikika.

Tatu, na zito zaidi, ni siri. Kifungu cha 38 kinamhakikishia raia kura ya siri. Hata hivyo, asiyeona ambaye hakuandamana na mtu anayemwamini husaidiwa na msimamizi wa kituo mbele ya mawakala. Iwapo mawakala hao ni majirani zake, ana sababu ya kuhofu. Kiunzi cha nukta nundu kinachowekwa juu ya karatasi ya kura humwezesha anayeyasoma maandishi hayo kutia alama mwenyewe. Hali kadhalika, kiziwi anahitaji karani anayeifahamu Lugha Ishara ya Kenya, ambayo Kifungu cha 7 kinaagiza iendelezwe.

Kupiga kura ni tendo la mtu mwenyewe. Kituo kinachomlazimu kutendewa kimempunguzia uraia wake. Wahenga walisema penye nia pana njia. Njia hiyo yapasa kufika hadi kwenye sanduku la kura.