Siri ni Amana: Adabu za Mwanafunzi wa Ustawi wa Jamii (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulizungumza habari za mwanafunzi wa ustawi wa jamii apelekwapo mara ya kwanza kwenye mafunzo kwa vitendo, na jinsi impasavyo kupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa arudi zake bila kinyongo, kwa kuwa barua ya chuo aliyo nayo mkononi haimhalalishii nyumba ya mtu. Leo tuingie katika lililo zito zaidi, nalo ni siri.

Mama amemkaribisha na kumtandikia jamvi, wameulizana hali, naye ameanza kusimulia masaibu ya mume aliyeondoka bila kuaga, na mara kijana atoa daftari, afungua ukurasa mpya, aandika jina la mama juu kabisa. Mama anyamaza. Macho yake yameihama sura ya mgeni, yaifuata kalamu, na yote asemayo baada ya hapo ni kwamba alhamdulillahi, hawajambo, mambo si mabaya. Nimelishuhudia jambo hili zaidi ya mara moja, nami sikulaumu daftari, maana kumbukumbu lazima ziandikwe. Nililaumu kufunguliwa kwake bila rukhsa, na bila mwenye maneno kuelezwa ni nani atakayeyasoma.

Padri Felix Biestek, Mjesuiti wa Marekani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1957 juu ya uhusiano wa mhudumu na mwenye shida, alitaja kanuni 7, ya mwisho ikiwa hiyo ya kutunza siri. Watu wa pwani wana neno lao, amana, nami naliona limebeba maana nzito zaidi, kwani amana haiwi mali ya aliyewekewa hata ikikaa kwake miaka, wala hana idhini ya kuitumia kwa sababu tu nia yake ni njema. Mwanafunzi kumweleza msimamizi wake ni halali, kwani ndiyo kazi iliyowaweka pamoja. Bali kuwahadithia wenziwe ndani ya daladala ni hiana, hata kama amelificha jina, kwa sababu aliyelificha jina akataja nyumba ya karibu na mbuyu na mume aliyekuwa fundi cherehani hakuficha kitu, mtaa mzima umekwisha kujua.

Hata hivyo siafikiani kabisa na wanaoifundisha siri kana kwamba haina mpaka. Mtoto wa miaka 9 amwambia mwanafunzi, "Nitakwambia, lakini usimwambie mtu," naye kwa huruma aapa kwamba hatasema, na hapo ameahidi asichokimiliki. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, katika kifungu cha 4, imeyatanguliza maslahi ya mtoto katika kila shauri limhusulo, na katika kifungu cha 95 imemwajibisha mwanajamii yeyote, seuze mwanafunzi wa fani hii, kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa haki za mtoto zinapovunjwa. Basi ama ataivunja sheria, ama ataivunja ahadi, na mtoto aliyekwisha kuhiniwa na watu wa nyumbani kwake atakuwa amehiniwa tena na mgeni.

Impasalo kusema, na alitamke kabla mtoto hajaanza, ni hili: "Nitakusikiliza. Lakini likiwa ni jambo la kukudhuru itanibidi nimweleze mtu wa kutusaidia, na wewe utakuwa wa kwanza kujua nitamweleza nani." Huenda mtoto akanyamaza siku hiyo. Na anyamaze; mwanafunzi aketi naye kidogo, amtazame akichora mchangani, amwambie siku atakayorejea, kisha arejee siku hiyo hiyo na saa hiyo hiyo.

Habari za zawadi, yule kuku anayefungwa miguu na kutiwa mkononi mwa mgeni mlangoni, tutazieleza katika sehemu ijayo, inshallah.