Inawaka kwa Kusukumwa, Inakataa Kiki: Kwa Nini?

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Lakini dhahabu hiyo nayo ina siku zake za kukataa kuwaka, na hapo ndipo kalamu yangu inapoanzia.

Mpenzi msomaji, nyumbani kwetu Kinangop kuna pikipiki ya babu ya miaka ya 1970, yenye injini ndogo ya tu-stroki. Hiyo ndiyo hubeba maziwa hadi kituoni kila alfajiri. Likizo ya Agosti iliyopita ilianza vituko. Babu aliipiga kiki mpaka kofia ikamwanguka, nayo kimya! Tukiisukuma mteremkoni ikiwa gia ya pili, mara inanguruma. Kesho yake mchezo ni ule ule. Siku mbili tulifika kituoni gari la maziwa likiwa limeshaondoka. Tulinunua plagi nne, wapi! Fundi wa sokoni akasema pistoni imekwisha, na baba akaanza kuulizia bei ya vyuma chakavu.

Hebu tujiulize, injini yahitaji nini ili iwake? Mambo matatu tu: petroli iliyochanganyika na hewa, mgandamizo ndani ya silinda, na cheche yenye nguvu kwa wakati wake. Kazi ni kujua ni lipi lililokosekana, badala ya kununua vipuri kama njugu.

Petroli ni rahisi kuichunguza. Piga kiki mara kadhaa, kisha fungua plagi uitazame. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Angalia tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi, na jeti za kabureta, ambazo huzibwa na utando unaoachwa na petroli iliyokaa sana. Yetu ilikuwa imelowa chepechepe, kumaanisha petroli inafika ila haichomwi. Mgandamizo nao, ukikanyaga kiki polepole mguu usikie upinzani. Upinzani ulikuwapo tena wa kutosha, nikaanza kumtilia shaka yule fundi.

Ikabaki cheche. Nilirudishia plagi waya wake, nikaiegemeza kwenye chuma cha silinda, mbali na tundu lake (mvuke wa petroli hutokea hapo, na sitaki mtu aungue nyusi kwa sababu yangu). Babu akapiga kiki. Cheche ikaonekana, nyembamba, ya manjano.

"Si hiyo hapo, mjukuu wangu?" babu akauliza.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Nje cheche huruka kwa urahisi, lakini ndani ya silinda hewa imebanwa, na kadiri inavyobanwa ndivyo umeme unavyohitaji nguvu zaidi ili uruke pengo lile lile. Cheche dhaifu unayoiona nje yaweza kufa ndani.

Na kusukuma kunasaidia vipi? Turudi darasani. Mwaka wa 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya uliosokotwa, umeme hutokea. Ikienda kasi zaidi, umeme nao huongezeka. Pikipiki ya babu haitegemei betri kuwaka: sumaku zimo ndani ya gurudumu zito linalozungushwa na injini yenyewe. Sasa mguu wa mzee hauwezi kushindana na mteremko! Kasi ikizidi cheche hupata nguvu, na kasoro inajificha.

Kasoro yenyewe ilikuwa kwenye pointi, yaani vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana kila injini inapozunguka. Vinapoachana, umeme kwenye koili hukatika, na kukatika huko ndiko kunakozaa cheche. Ni lazima kuwe kwa ghafla. Kando yake hukaa kondensa, kikopo kidogo kinachomeza umeme ambao ungeruka kati ya pointi. Kondensa ikifa, umeme hukatika kwa kusitasita, cheche inadhoofika, na pointi zinaungua. Zetu zilikuwa nyeusi ti, moja ina kishimo. Fundi wetu ni kijana, simlaumu sana. Bodaboda anazozitengeneza kila siku hazina pointi, zina kisanduku cha elektroniki.

Nilizisugua kwa msasa laini, nikazipangusa, nikarekebisha pengo hadi milimita 0.35 zikiwa zimeachana kabisa. (Ukiwa na kitabu cha mashine yako, kifuate hicho.) Kondensa mpya tuliipata mjini kwa bei isiyofika ya plagi mbili. Kuiweka kulihitaji kulivua lile gurudumu la sumaku, kazi tuliyomwachia mzee mmoja mwenye kifaa cha kuling'oa. Ukiligonga kwa nyundo utajuta.

Safari hii cheche ilikuwa ya buluu, na ilisikika ikialika. Asubuhi iliyofuata, baridi ikiwa kali ajabu, babu alikanyaga kiki mara mbili tu. Tulifika kituoni tukalisubiri gari la maziwa. Baba hataji tena vyuma chakavu, ila kila akiliona lile kopo lenye plagi nne huguna.