Jina la "misuli" linatupotosha

Majina yana tabia ya kuutangulia ukweli wa vitu. Wamarekani waliyaita baadhi ya magari yao magari ya misuli, na tangu hapo walimwengu wameyahukumu kwa jina hilo: kwamba barabara ikinyooka hutimka, lakini penye kona huwa kama fahali aliyefungiwa chumbani. Magari ya michezo ya Ulaya, mathalani Porsche na Lotus, yakahesabiwa kuwa ndiyo mastadi wa usukani. Hukumu hiyo ilikuwa na msingi zamani. Leo, kwa maoni yangu, imebaki kuwa mazoea ya ulimi.

Pahali pa kuipimia ni otokrosi ya Marekani. Msomaji asitatizike: hapa Kenya neno hilo hutuletea picha ya vumbi na njia ya udongo. Kule, njia huchorwa kwa koni za plastiki juu ya lami au saruji ya uwanja mpana, na kila dereva hushindana na saa. (Neno moja, michezo miwili, mwanaisimu hashangai.) Mzunguko mmoja huchukua takriban dakika moja, na katika mashindano ya klabu ya SCCA, iliyoundwa mwaka wa 1944, kila koni inayoangushwa humwongezea dereva sekunde 2. Hapana nafasi ya kuifungulia injini kubwa. Kinachotakiwa ni gari linalokubali kugeuzwa kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena, kabla uzito wake haujatulia.

Hapo ndipo magari ya kale ya misuli yalipoaibika. Pontiac GTO ya mwaka wa 1964 ilikuwa na injini ya lita 6.4, Ford Mustang, iliyozaliwa mwaka uo huo, ilijengwa juu ya viungo vya Falcon, gari la bei nafuu la familia. Magurudumu yao ya nyuma yaliunganishwa na ekseli moja nzima. Ekseli kama hiyo ni imara, ni rahisi kuunda, na hufaa sana katika mbio za robo maili. Lakini gurudumu moja likikanyaga tuta, la pili nalo huinamishwa, na mshiko wa tairi hupungua. Lotus Elan ya mwaka wa 1962, kwa upande wake, ilikuwa na bodi ya faibaglasi, uzito usiofika kilo 700, na springi ya kila gurudumu ilifanya kazi peke yake.

Je, Wamarekani hawakujua? Walijua fika. Chevrolet Corvette ilipewa magurudumu ya nyuma yanayojitegemea mwaka wa 1963, kabla Mustang haijazaliwa. Kasoro haikuwa ya taifa wala ya akili; ilikuwa ya bei. Kijana aliyenunua Mustang alilipia mngurumo na kasi ya kutoka taa hadi taa, na kiwanda kikampa alichokilipia.

Mambo yalibadilika. Baada ya majaribio katika matoleo machache, Mustang zote za mwaka wa 2015 ziliachana na ekseli nzima. Camaro ya mwaka wa 2016 ikajengwa juu ya msingi mmoja na Cadillac ATS, na ile iliyoitwa 1LE ikaongezewa shokomzoba, breki na matairi ya kona. Hata nguvu iliyokuwa ikibezwa ikawa na manufaa: dereva huweza kubaki katika gia ya pili karibu njia nzima, huku mwenye injini ndogo akihangaika na gia. Katika miaka ya 2010, Mustang na Camaro zilishindana na BMW M3 katika daraja moja la SCCA, wala hazikuwa wasindikizaji.

Klabu hiyo pia ilianzisha daraja maalumu la magari ya misuli ya Kimarekani. Ni burudani, sikatai, ila naona linalilinda jina kuliko linavyolichunguza.

Kuna jambo moja ambalo springi haziwezi kulitibu. Mustang ya mwaka wa 2015 ina upana unaozidi mita 1.9, ilhali Elan ilikuwa na takriban mita 1.4. Kila koni humlazimisha mwenye gari pana kuzunguka mbali zaidi, na sentimita hizo, zikijumlishwa koni baada ya koni, huonekana kwenye saa.