Jirani kabla ya nyumba: Kuchagua mahali pa kununua Moshi

Miongoni mwa maamuzi makubwa yanayoikabili familia ya Kiislamu, baada ya ndoa na malezi ya watoto, ni uamuzi wa mahali pa kuweka makazi. Fedha iliyokusanywa kwa miaka kumi au ishirini, dukani, shambani au ughaibuni, huingia katika kipande kimoja cha ardhi, na watakaoishi na matokeo yake ni watoto na wajukuu. Leo tumeona ni vyema tulizungumze jambo hili kwa kuutazama mji wa Moshi na miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kwani wapo ndugu zetu wengi wanaouliza: tununue wapi?

Mara nyingi swali hilo hupelekwa kwa dalali, naye hujibu kwa bei, ukubwa wa kiwanja na uzuri wa kuitazama Kibo asubuhi. Hayo yana nafasi yake. Lakini Waarabu wana methali ya kale inayotaka jirani atafutwe kabla ya nyumba, na Mtume Muhammad (s.a.w.) alimhesabu jirani mwema, pamoja na makazi yenye nafasi, kuwa ni katika mambo ya furaha ya mwanadamu. Kwa hiyo tunasema: kabla ya bei, mnunuzi na ajiulize maswali matatu. Nitaishi na nani? Maji yanapita wapi? Na ardhi hii ni ya nani kwa haki?

Mji na mlima

Moshi ya kwanza ilikuwa mlimani, mahali panapoitwa Old Moshi, makao ya Mangi Rindi na baadaye mwanawe Meli. Reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911, mji mpya ulikua chini, kandokando ya kituo. Huko mlimani, misheni ya Kikatoliki ilifunguliwa Kilema mwaka 1891, na Walutheri wa Leipzig wakaingia mwaka 1893. Makanisa na shule zao zikawa kitovu cha maisha ya vijiji vingi. Ndiyo maana hadi leo misikiti na madrasa zimekaribiana zaidi mjini kuliko Kibosho, Uru au Marangu. Hatusemi kwamba mlimani hakuna Waislamu. Wapo, na baadhi yao ni wenyeji wa vizazi vingi.

Anayenunua katika mitaa ya zamani kama Majengo, Njoro au Pasua hupata jamaa, soko na adhana, lakini nyumba zimebanana na nafasi ya kuongeza chumba ni ndogo. Anayekwenda kaskazini, Shanty Town, hukuta miti mikubwa na viwanja vipana kwa bei isiyofanana na jina la mtaa, kwani jina hilo la Kiingereza maana yake ni mtaa wa mabanda. Anayepanda mlimani hupata baridi na migomba, lakini hupata pia njia nyembamba na safari ya kila siku kushuka kazini.

Umbali wa msikiti

Je, ni lazima tujazane mtaa mmoja ili tuwe karibu na msikiti? Tukumbuke habari ya Banu Salima wa Madina. Walikaa mbali, wakataka kuhamia karibu na msikiti wa Mtume (s.a.w.). Naye aliwaambia wabaki katika makazi yao, kwani nyayo zao za kwenda na kurudi zinaandikwa. Basi umbali peke yake si aibu wala kikwazo.

Hata hivyo, umbali una hesabu yake. Mtu mzima huweza kutembea. Mtoto wa miaka saba anayevuka barabara kuu kwenda madrasa jioni ni jambo jingine. Tunashauri wazazi waitembee njia hiyo wenyewe, kwa miguu, saa ile ile ambayo mtoto ataitembea. Na mtaa wautembelee zaidi ya mara moja, mojawapo iwe Jumamosi usiku. Kilabu cha mbege kilicho kimya saa nne asubuhi huwa na sauti nyingine saa tatu usiku.

Kuhusu jirani asiye Mwislamu, tusiwe na wasiwasi usio na msingi. Abdallah bin Amr (r.a.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza kwanza iwapo jirani yake Myahudi amepelekewa nyama, akakumbusha jinsi Jibril alivyokuwa akimuusia Mtume (s.a.w.) kuhusu jirani. Kilimanjaro jirani ndiye wa kwanza kufika penye msiba. La kupimwa ni tabia yake, na yetu pia.

Njia ya maji

Mji wa Moshi umekaa chini ya mlima, na maji ya mlima hayana budi kuteremka. Mito kama Karanga na Rau huonekana mipole wakati wa kiangazi, kisha masika ya Machi hadi Mei huibadilisha. Katika masika ya mwaka 2024 sehemu za Moshi zilikumbwa na mafuriko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kiwanja cha bei nafuu kando ya mto huenda kikawa ghali kuliko vyote.

Mlimani kuna mifongo, yaani mifereji ambayo Wachaga waliichimba tangu kale kugawana maji kwa zamu. Mfongo ukipita katika shamba unalonunua, hununui maji yale. Kuufukia ili kupanua uwanja ni kuwanyang'anya walio chini yako, na Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba maji ni katika vitu ambavyo watu hushirikiana.

Ardhi ni ya nani?

Hili ndilo swali zito kuliko yote. Ardhi nyingi ya mlimani ni kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, lenye makaburi ya wazee ndani yake. Kwa mila hurithiwa na watoto wa kiume, na kila kizazi hukigawa kikawa kidogo zaidi. Mara kwa mara kaka mmoja huuza ilhali ndugu zake hawajui, na dada zake hawakuulizwa kabisa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imebatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Nayo Suratun Nisaa imemthibitishia mwanamke fungu lake katika mirathi tangu karne nyingi. Tumeonywa kwamba anayechukua hata shibri moja ya ardhi kwa dhuluma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Anayenunua huku akijua kuwa wenye haki wamefichwa ajiulize anasimama wapi.

Tena kuna haki ya shufaa: mshirika katika mali isiyogawanywa ana haki ya kuwatangulia watu wa nje pale mwenzake anapouza. Imamu Shafi ameiwekea mshirika peke yake. Wanazuoni wa Kihanafi wameifikisha kwa jirani pia. Inalingana na desturi ya ukoo wa Kichaga ya kuulizwa kwanza.

Maandishi na mashahidi

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inafundisha kuandika madeni na kuweka mashahidi katika mauziano. Kwa kiwanja cha mjini, fanya upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi na uhakikishe kodi ya pango imelipwa. Pembezoni mwa mji ulizia mpaka: Mabogini, kwa mfano, imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, si Manispaa. Kijijini, uhamisho wa ardhi hupitia Halmashauri ya Kijiji. Mwenye mali akiwa amefariki, muulize muuzaji barua ya mahakama inayomteua kuwa msimamizi wa mirathi. Ikiwa ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenza wake. Na wito wetu: keti na ukoo mzima, wakiwemo mabinti, kabla fedha haijatoka mkononi.

Atakayefanya hivyo huenda akachelewa miezi kadhaa na akakosa kiwanja kimoja au viwili. Lakini siku atakapohamia, atapokewa na majirani, wala hatafuatwa na kesi. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie makazi yenye baraka, majirani wema na mali iliyo halali. Amin.